Mama Aliyejificha Kwenye Pumba: Kisesa, Zimwi na Macho Mekundu ya Mavyaa



Binti akiolewa huku kwetu visiwani, somo wake humfunda mengi: kufukiza udi, kupanga nyumba, kumpokea mume, kusema na kunyamaza kila jambo kwa wakati wake. Lakini siku hizi mabinti wetu wengi wanaolewa mbali. Mmoja yuko Muscat, mwingine Dar, na wengine wameivuka bara yote mpaka Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Huyu wa Mwanza nani anamfunda ada za huko aendako? Mara nyingi hakuna. Anaondoka na maneno mawili matatu aliyoyaokota barazani: Wasukuma wachawi, Wasukuma wanacheza na chatu, mahari yao ng'ombe. Basi anaingia kwa mume na hofu yake tayari kifuani, na anayemwogopa kuliko wote ni mavyaa, mama wa mumewe.

Leo tunampeleka bi harusi huyo Kisesa. Tunataka aijue historia ya pahala na hadithi moja ya pale, kwa sababu ndani ya hadithi hiyo mna mafunzo ambayo sisi wenyewe wa visiwani tunayahitaji.

Kilima cha Bujora

Kisesa ipo Wilaya ya Magu, mashariki ya jiji la Mwanza, kiasi cha kilomita 20 kwa barabara kuu iendayo Musoma. Karibu yake, penye mwinuko na majabali makubwa kama yale yanayoipamba Mwanza yote, kuna Bujora, na hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma.

Aliyeyaanzisha si Msukuma. Ni padri wa Kikatoliki kutoka Quebec, Kanada, jina lake David Clement, aliyefika miaka ya 1950, akajifunza Kisukuma, na wenyeji wakampa jina la Fumbuka. Kanisa la pale ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma ya zamani, na pembeni yake kukakusanywa vitu vya kale vya Usukuma. Lipo jengo lililopewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na humo zimewekwa ngoma na vifaa vya watawala wa zamani. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, na ngoma ambazo zamani hazikupigwa ila kwa heshima ya mtemi zikabaki bila kazi. Bora ziwekwe pahala watoto wazione kuliko kuliwa na mchwa. Ipo pia nyumba ya mhunzi na ipo nyumba ya mganga pamoja na vifaa vyake.

Baadhi yenu mtauliza: Mwislamu aingie humo afuate nini? Dada zetu, kuangalia si kuabudu. Qur'ani imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tutazame yaliyowapata waliotutangulia. Anayetazama ngoma ya mtemi aliyekwisha kufa, akakumbuka kwamba ufalme wote ni wa Mwenyezi Mungu, huyo amepata faida yake. Ila makumbusho huonyesha vitu tu. Roho ya watu imo katika hadithi wanazowasimulia watoto wao, na hadithi kubwa ya Wasukuma ni ya zimwi Shing'weng'we.

Zimwi, pumba na mtoto mwenye maswali

Wanasimulia hivi. Paliondokea zimwi, jina lake Shing'weng'we, akaingia nchini akameza kila kilicho hai. Alimeza wanaume na wanawake, wazee na watoto, ng'ombe na mbuzi, mpaka miji ikawa kimya. Akasalimika mwanamke mmoja tu, mja mzito, aliyejifukia ndani ya lundo la pumba. Zimwi akapita bila kumwona. Mwanamke akatoka nchi ikiwa tupu, akajifungua mtoto wa kiume, akamlea peke yake. Mtoto huyo ndiye Masala Kulangwa, jina linalofasiriwa kuwa mwenye akili, mwepesi wa kuelewa.

Mtoto alipopata fahamu akauliza: mama, baba yangu yuko wapi? Mama hakumficha. Akamwambia kwamba zimwi amemmeza pamoja na watu wote. Kijana akashika silaha akatoka. Siku ya kwanza akarudi na panzi. Mama, huyu ndiye aliyemmeza baba? Mama akamjibu: siye, mwanangu. Siku nyingine akarudi na ndege. Huyu ndiye? Siye. Akarudi na paa. Huyu ndiye? Siye, mwanangu, zimwi ni mkubwa kuliko huyo. Hivyo hivyo mpaka kijana akakutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua, na watu wote wakatoka wazima, na baba yake akiwa miongoni mwao.

Wasikilizaji wengi humsifu kijana. Sisi tumsifu mama. Kwanza, alijua kujificha. Kujificha mahali pa dhalili, kwenye pumba ambazo watu huzitupa, si woga ikiwa umebeba amana. Hapa tunamkumbuka mama yake Nabii Musa, alayhi salaam, ambaye kisa chake kimo katika Surat Al-Qasas. Firauni alipokuwa akiwaua watoto wa kiume, mama yule alimtia mwanawe mtoni kwa ilhamu ya Mola wake, na dada wa mtoto akamfuata kwa mbali akimwangalia. Taifa zima lilikuja kuokolewa kwa mikono ya yule aliyefichwa na mama yake.

Pili, na hili ndilo kubwa kwa leo, mama yule alijua kusema "siye". Angetaka amani ya haraka angesema "ndiye" kwa panzi, kijana akatulia, na watu wangeozea tumboni mwa zimwi. Au kwa hofu yake angeona kila kiumbe ni zimwi, na kijana angeua kila kitambaacho. Hakufanya moja wala jingine. Aliipa kila kitu sura yake.

Hadithi hii mbona tunaijua?

Msomaji wa Unguja hapa atashtuka. Hadithi hii si bibi yangu akinihadithia? Naam, inafanana na ya Nunda mla watu. Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza, aliiandika kama alivyoisikia Unguja, akaichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Mtoto wa mwisho wa Sultani Majinuni anakwenda mwituni kumtafuta Nunda, anarudi kwa mama yake na mnyama baada ya mnyama, na kila mara mama humwambia kwamba huyo siye.

Basi tangu pwani ya Bahari ya Hindi mpaka Ziwa Viktoria, akina mama wamekuwa wakiwajibu watoto wao jawabu lile lile. Bi harusi wetu anayedhani anakwenda kwa watu wasiofanana naye hata kidogo, na ajue kwamba mavyaa wake na bibi yake wamelelewa na hadithi za ukoo mmoja.

Ila ya kwetu ina jambo moja la kutahadharisha. Nunda hakutoka porini. Alikuwa paka wa Sultani mwenyewe. Alianza kwa kula kuku, watu wakashitaki, na Sultani akasema mwacheni, paka wangu na kuku wangu. Akala mbuzi, mwacheni. Akala ng'ombe, mwacheni. Mpaka akala watoto wa Sultani. Zimwi mwengine hulelewa ndani ya nyumba kwa kuonewa haya.

Panzi, ndege na paa wa Kisesa

Sasa tufanye kama yule mama. Tumletee bi harusi ada za Usukuma moja moja, tumwambie yupi siye.

Ngoma. Kila mwaka mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Wakatoliki ya Ekaristi, Bujora hufanyika mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, na jina hilo linatokana na maua. Vyama viwili vikubwa vya ngoma hushindana: Bagika na Bagalu, vinavyonasibishwa na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na aliyewavuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Wapo wanaocheza na chatu, na wapo wa bugobogobo, ngoma ya majembe iliyozaliwa shambani, watu wakilima pamoja kwa mdundo mmoja ili kazi isiwachoshe. Jembe kurushwa juu kwa mdundo siye zimwi. Ni kazi iliyotiwa furaha. Ibada za sikukuu ile ni za wenyewe, sisi tuna zetu. Jirani humheshimu bila kuingia katika ibada yake. Na mchanganyiko wa uwanjani kila mmoja anajua mipaka ya haya yake. Lakini usiwaite watu wazima washirikina kwa kuwa wanapiga ngoma. Hata sisi harusi zetu zina msondo na unyago, na tunajua kipi tumekichuja na kipi hatujakichuja.

Ng'ombe. Usukumani mahari ya ada ni ng'ombe, na huenda kwa baba wa binti. Je, huyu ndiye zimwi? Siye, lakini mwangalie vizuri. Fiqhi yetu inaipa nafasi ada njema isiyogongana na sheria, na zawadi kwa wazazi si dhambi. Lakini aya ya 4 ya Surat An-Nisaa imewaamuru wanaume wawape wanawake mahari yao, na aliyetajwa kupewa ni mwanamke mwenyewe, si baba wala mjomba. Kwa hiyo, dada, kabla ya siku ya nikaha, mahari yako yatajwe kwa jina lako, uyaridhie, na uyapokee. Ng'ombe wakienda kwa wazee kama heshima, waende, ila wasiwe kisingizio cha wewe kutoka mikono mitupu. Tena tuwe wakweli: hata visiwani wapo akina baba wanaoyala mahari ya binti zao. Paka huyo ni wetu.

Mganga. Hapa paa anakaribia kufanana na zimwi. Kujua mizizi na majani ni elimu, na dawa ya mti imeruhusiwa maadamu haina dhara wala shirki. Wazee wa Usukuma wanaijua miti yao kama bibi zetu wanavyojua mwarubaini na mkunazi. Lakini kuna mganga wa dawa na kuna wa ramli, anayetazama matumbo ya kuku akamwambia mgonjwa nani amemroga. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza kumwendea mpiga ramli, na katika mapokezi ya Imam Muslim imetajwa kwamba anayemwendea akamuuliza hazikubaliwi sala zake za siku 40. Hekima ya katazo hili utaiona sasa hivi, kwa sababu mlango huu wa ramli ndio anaopitia zimwi mwenyewe.

Huyu ndiye

Zimwi wa Kanda ya Ziwa ni shutuma ya uchawi, na aliowameza ni akina mama wazee. Kwa miongo mingi sasa, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, walio wengi Usukumani, na wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Na ushahidi wa uchawi wao mara nyingi ulikuwa nini? Macho mekundu! Mwanamke ambaye maisha yake yote amepika kwa kuni na kwa mavi makavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje? Moshi ule ule uliowalisha watoto wake ukageuzwa kuwa shahidi dhidi yake. Anakufa mtoto kwa homa, watu wanakwenda kwa mpiga ramli, mpiga ramli anamtaja bibi, na usiku mapanga yanakuja. Nyuma ya ramli mara nyingine kuna shamba ambalo mjane amelikalia na jamaa wanalitaka.

Msiseme haya ni ya Wasukuma tu. Safiri mpaka Ireland, kisiwa cha Ulaya chenye sifa kubwa ya hadithi za viumbe wasioonekana, wanaofanana na majini wa masimulizi yetu. Kule mashambani yapo maboma ya udongo ya mviringo, ya tangu zama za kale, na wakulima waliogopa kuyalima kwa kuamini kwamba viumbe hao ndiyo makazi yao. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, mkoa wa Tipperary, alikuwapo mwanamke kijana jina lake Bridget Cleary, fundi wa kushona mwenye cherehani yake na kuku wake. Akashikwa na maradhi. Mumewe, Michael, akaamini kwamba yule kitandani si mkewe, bali kiumbe kilichowekwa badala yake. Jamaa wakakusanyika. Wakamnywesha dawa za mitishamba kwa nguvu, wakamuuliza tena na tena kama kweli yeye ni Bridget. Mwishowe mumewe akamchoma moto. Baadaye akangoja usiku kwenye boma la Kylenagranagh akitumaini mkewe wa kweli atatokea amepanda farasi mweupe. Aliyetokea ni polisi. Alihukumiwa miaka 20 akatumikia 15. Na jambo linalouma zaidi ni kwamba baba yake Bridget mwenyewe alikuwemo chumbani mwanawe akitendewa hayo. Hakuna aliyesimama akasema: siye.

Na sisi? Mwaka 1995 hofu ya Popobawa iliwaka Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu wakalala nje, mitaa mizima ikakesha. Katika taharuki ile, kundi la watu lilimuua mtu mgonjwa wa akili aliyekuja Unguja kutafuta matibabu, kwa kudhani ndiye Popobawa. Kisiwa cha misikiti, cha madrasa, cha watu wenye kuisoma Surat Al-Hujurat inayotukataza kudhaniana. Basi tukimnyooshea kidole Msukuma, tujue vidole vingine vinatutazama sisi.

Uislamu hautuambii kwamba sihiri na majini havipo. Lakini haujampa mtu yeyote ruhusa ya kuua, kupiga wala kumfukuza mwanamke kwa ndoto, kwa ramli au kwa rangi ya macho. Kinga tumepewa: aya za Al-Kursiy, Al-Falaq na An-Naas, dua na kumtegemea Allah. Aliyejikinga kwa hayo hana haja ya panga.

Sikio la bibi kizee

Tumeibakiza sehemu moja ya hadithi ya Shing'weng'we makusudi. Masala Kulangwa alipompasua zimwi, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa tumboni mle. Bibi akatoka na hasira, akamtukana, akataka hata kumroga. Fikirini: kijana ndiye shujaa, nchi nzima inampenda, na mbele yake amesimama kikongwe anayemtishia uchawi. Neno moja tu lilitosha bibi yule asalie hapo hapo.

Lakini hadithi haikumuua. Watu walimlinda kijana, bibi hakuweza kumdhuru, na mwisho ikatafutwa dawa sikio lake likapona. Baada ya hapo ndipo kijana akafanywa mtemi, na mama yake akapewa heshima kubwa.

Wazee wa Usukuma waliokuwa wakiwasimulia watoto hadithi hii walikuwa wameshatoa hukumu: kikongwe mwenye hasira ni mtu aliyejeruhiwa, naye hutibiwa. Waliokuja kushika mapanga wameikhalifu hadithi ya bibi zao wenyewe. Kuijua vizuri mila ya pahala ni silaha nzuri, kwa sababu mara nyingi dawa ya ubaya wa watu imo katika wema wa watu hao hao.

Basi, bi harusi wetu, ukifika Kisesa au popote pale Usukumani, asubuhi mwamkie mavyaa kwa lugha yake: mwangaluka, mayu. Mayu ni mama. Ukiona macho yake mekundu, usirudi nyuma. Ingia jikoni ushike kuni ukae kwenye moshi badala yake. Mwambie mumeo jiko litobolewe dirisha, au lijengwe lenye bomba la kutolea moshi. Siku mkienda mjini, mchukueni mkampime macho hospitali. Akikaripia, kumbuka sikio. Na siku wakija watu na maneno ya ramli kumhusu yeye au jirani yake, wewe uwe yule mama wa kwenye pumba. Simama mbele ya mumeo na mbele ya watoto wako useme bila kutetemeka: siye. Kisha piga simu kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa polisi kabla jua halijatua.

Na jioni, watoto wakishasali Isha, wakalishe karibu na bibi yao. Mwombeni awahadithie Shing'weng'we kwa Kisukuma, halafu wewe uwahadithie Nunda. Watoto watauliza vipi hadithi mbili zinafanana. Waacheni waulize.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu wote, wa visiwani na wa ziwani, awape shifaa ya macho na utulivu wa moyo, na azijaalie ndoa za mabinti zetu kuwa za mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.